Shina Libaki, Matunda Yatolewe: Umar bin Al-Khattab na Amana ya Ardhi



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Rumonge nikawakuta wazee wa familia wamekaa barazani wanajadili shamba la marehemu babu. Ni shamba dogo la michikichi. Babu alikuwa akipanda maharage na mihogo katikati ya michikichi hiyo, na pembeni alikuwa na banda la mbuzi. Samadi ya mbuzi ilikwenda kwenye maharage, maganda ya maharage yakarudi kwa mbuzi, na sisi wajukuu tukala mboga mwaka mzima na nyama siku ya Idi.

Babu alipofariki, upande mmoja wa shamba ulikodishwa kwa wachimba udongo wa matofali. Michikichi ikakatwa, udongo ukachukuliwa, yakabaki mashimo. Mvua iliponyesha mashimo yakajaa maji na mbu wakazaliana humo. Mbuzi wawili walitumbukia wakafa. Mdogo wangu wa mwisho aliugua malaria mara tatu katika msimu mmoja. Na sasa ami yangu mkubwa alitaka na upande uliobaki ukodishwe, kwa sababu fedha ya matofali huja haraka kuliko fedha ya mawese.

Wazee wakanigeukia mimi, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, wakaniuliza dini inasemaje. Niliona haya. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya kugawa mirathi, lakini juu ya udongo wenyewe sikuwa na neno. Nikaomba muda.

Niliporudi chuoni nilifungua milango ya fikihi inayohusu ardhi: kuhuisha ardhi iliyokufa, wakfu, malisho, kharaji. Karibu kila mlango nilioufungua nilimkuta mtu mmoja amenitangulia. Ni Umar bin Al-Khattab (r.a.), khalifa wa pili. Sote tunamjua Umar wa uadilifu, Umar wa bakora, Umar anayetembea usiku akisikiliza vilio vya watu. Umar wa udongo, wa mifugo na wa afya za watu nilikuwa simjui. Huyo ndiye ninayetaka tumsome pamoja katika makala haya.

Mchunga ngamia wa Dajnan

Umar alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adi wa kabila la Quraysh. Wengi wetu huanza kusimulia maisha yake siku aliposilimu. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa mvulana anayechunga ngamia wa baba yake, Al-Khattab, mahali panapoitwa Dajnan, si mbali na Makka. Baba huyo alikuwa mkali. Alimchosha kijana kwa kazi, na akizembea alimpiga. Miaka mingi baadaye, akiwa khalifa, Umar alipita hapo, akawakumbusha waliofuatana naye jinsi alivyochunga mahali pale, na kwamba leo hakuna aliye juu yake isipokuwa Mwenyezi Mungu.

Sidhani kwamba kazi ile ilimtoka moyoni. Mtoto aliyechunga anajua jambo ambalo sisi wa mjini tunalisoma vitabuni: majani yakiisha ngamia hukonda, ngamia akikonda maziwa hukauka, na maziwa yakikauka mtoto nyumbani hulala na njaa. Kwake hayo hayakuwa mambo matatu. Lilikuwa jambo moja.

Ardhi ya Khaybar

Mwaka 7 Hijiria (628), baada ya Khaybar kufunguliwa, Umar alipata ardhi huko. Hakuwahi kupata mali aliyoithamini kuliko hiyo. Alikwenda kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) kumuuliza aifanyie nini. Mtume alimwelekeza kwamba akipenda aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo. Ardhi ile haikuuzwa tena, haikutolewa zawadi wala haikurithiwa. Matunda yake yalikwenda kwa mafakiri, jamaa, kuwakomboa watumwa, wasafiri na wageni. Msimamizi wake aliruhusiwa kula kwa wema bila ya kujilimbikizia mali.

Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, na wanazuoni huitegemea sana katika hukumu za wakfu. Sisi huisoma kama somo la sheria. Mimi naomba tuisome pia kama somo la kilimo. Ikiwa shina halina ruhusa ya kuuzwa na matunda yana wenyewe mpaka Siku ya Kiyama, basi msimamizi hawezi kuukamua udongo kwa msimu mmoja na kuuacha ukiwa mtupu. Maskini wa mwaka ujao ana haki ndani yake. Shina libaki, matunda yatolewe. Nitaonyesha kwamba kanuni hii Umar aliibeba kutoka shamba lake mwenyewe akaipeleka kwenye dola nzima.

Nchi nyeusi ya Iraq

Alishika ukhalifa mwaka 13 Hijiria (634). Katika miaka yake majeshi ya Waislamu yalifungua Iraq, na humo kulikuwa na nchi yenye rutuba baina ya mito ya Tigris na Euphrates. Waarabu waliiita Sawad, yaani weusi, kwa wingi wa mitende na mimea yake. Askari walitarajia wagawiwe ardhi hiyo, kama zinavyogawanywa ngawira nyingine.

Umar alikataa. Bilal na Abdurrahman bin Awf (r.a.) walimpinga kwa nguvu, na mjadala ulichukua siku kadhaa. Aliwaita wakubwa wa Answari, watano kutoka Aws na watano kutoka Khazraj, akawaeleza hoja yake: akiigawa ardhi hii kwa waliopo leo, watakaokuja baada yao watakuta nini? Alitegemea aya za Surat Al-Hashr, ambazo baada ya kuwataja Muhajirina na Answari huwataja wale waliokuja baada yao. Wengi wakakubaliana naye.

Basi ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, watu waliojua mifereji na misimu yake, nao wakalipa kharaji. Umar aliwatuma Uthman bin Hunayf na Hudhayfa bin Al-Yaman kuipima nchi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameandika katika Kitab al-Kharaj kwamba vipimo vilifika jaribu milioni 36. Kodi iliwekwa kwa kutazama kinachopandwa: shamba la ngano lilitozwa zaidi ya shamba la shayiri. Hiyo ni wakfu ya Khaybar kwa kipimo cha nchi. Shina limezuiwa, matunda yanatoka.

Wala asidhani mtu kwamba kuzuia ardhi ni kuiacha ilale. Aliyezungushia ardhi mipaka na kukaa miaka mitatu bila kuilima, Umar alimhesabu kuwa hana tena haki ya kuwazuia wengine. Bilal bin Al-Harith Al-Muzani alikuwa amepewa na Mtume (s.a.w.) eneo kubwa la Al-Aqiq. Umar alimtaka abaki na kile anachoweza kukilima, na kilichobaki akakigawa kwa Waislamu.

Malisho na wenye mbuzi wachache

Mtume (s.a.w.) alikuwa ameitenga An-Naqi' kuwa hima, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa maslahi ya umma. Umar akahifadhi na Ar-Rabadha. Palikuwa na farasi wa jihadi na ngamia wa sadaka, na majani hayakuwatosha wanyama wote wa Arabuni.

Msimamizi wa hima alikuwa Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru. Umar alimwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Awaruhusu wenye ngamia wachache na wenye kondoo na mbuzi wachache waingie kulisha. Lakini mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan isiingie, kwa sababu matajiri hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia, ilhali maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kwa khalifa kuomba. Maji na majani, alisema Umar, ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha.

Tazama, ndugu yangu, hesabu ya mtu huyu. Kuhifadhi majani leo ni nafuu kuliko kulisha wenye njaa kesho. Wataalamu wa maendeleo huandika ripoti ndefu kulieleza jambo hilo. Mchunga ngamia wa Dajnan alilisema kwa maneno machache.

Na huruma yake haikuishia kwa wenye mifugo. Ibn Sa'd amepokea kwamba Umar alikuwa akiingiza mkono kwenye kidonda cha mgongo wa ngamia na kusema anaogopa kuulizwa juu yake. Alimwadhibu mwenye ngamia aliyemtwisha mnyama wake mzigo asiouweza. Na imepokewa kwamba alihofia mnyama akifa kwa kupotea kando ya mto Euphrates, yeye aliyeko Madina ataulizwa.

Mwili wa mtu na mwili wa ngamia

Hapa nilipofika ndipo niliposhangaa zaidi. At-Tabari anasimulia kwamba baada ya kufunguliwa Al-Mada'in, mji mkuu wa Wafursi, Waislamu walikaa humo. Baada ya muda Umar akapata habari kwamba watu wamekonda na rangi zao zimebadilika. Aliuliza sababu, akaelezwa kwamba ni hewa na mazingira ya nchi ile. Akamwandikia Sa'd bin Abi Waqqas kwamba Waarabu hawafai kukaa isipokuwa mahali panapowafaa ngamia wao, basi watafutwe wajuzi wa kuchagua pahala pengine. Salman na Hudhayfa wakatumwa, wakazunguka kingo za Euphrates mpaka wakapata ardhi ya mchanga na kokoto. Hapo ndipo ulipojengwa mji wa Kufa, mwaka 17 Hijiria (638).

Yaani Umar alitumia afya ya mnyama kuwa kipimo cha afya ya binadamu, na udongo kuwa chanzo cha zote mbili. Leo vyuo vikuu vina somo zima linalounganisha afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira. Sisi wa Burundi hatuhitaji kwenda mbali kuona maana yake. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini na kuua ng'ombe. Ugonjwa huo hubebwa na mbu, mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na kutoka kwa mnyama mgonjwa hufika kwa mtu anayemchinja au kushika damu yake.

Mwaka wa majivu

Mwaka 18 Hijiria (639) mvua ilikatika Hijazi. Ardhi ikawa nyeusi, upepo ukarusha vumbi kama majivu, na mwaka ukaitwa Mwaka wa Ramada, yaani wa majivu. Wanyama wa porini walisogea kwa watu kwa njaa. Mtu alichinja kondoo wake kisha akamwacha, kwa jinsi nyama ilivyokuwa mbaya. Mabedui kwa maelfu walikimbilia Madina.

Umar aliapa kutoonja samli wala maziwa mpaka watu wapate nafuu. Alikula mkate kwa mafuta ya zeituni mpaka rangi yake, iliyokuwa nyeupe, ikageuka. Tumbo liliponguruma aliliambia litazoea mafuta maadamu samli inauzwa kwa bei ile. Abu Ubayda bin Al-Jarrah alifika kutoka Sham na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Wanaojiweza walikula kwenye sufuria za umma, wagonjwa na watoto wakapelekewa walipo. Kisha Umar akatoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Al-Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), na mvua ikanyesha.

Jambo ambalo hatulisimulii sana ni lile lililofuata. Umar hakutuma wakusanya zaka mwaka ule. Aliwaacha wenye mifugo wapumue, na mifugo ipate kuzaana. Ardhi ilipopata uhai ndipo alipowatuma wakusanye zaka za miaka miwili, na sehemu moja waigawe pale pale kwa maskini wa mahali hapo. Hakulikamua kundi lililodhoofika. Alisubiri shina lipone.

Tauni ya Amwas

Wakati huo huo tauni ilipiga Sham. Umar alikuwa njiani kwenda huko, akafika Sargh, habari zikamfikia. Aliwashauri Muhajirina, wakatofautiana. Akawashauri Answari, wakatofautiana pia. Wazee wa Quraysh wakakubaliana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, kisha akapiga mfano. Ukiwa na ngamia, ukashuka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu, popote utakapolisha utakuwa umelisha kwa kadari ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kwa kuikimbia.

Hata katika suala la itikadi na la maradhi, mfano uliomjia ni wa malisho. Baadaye alimwandikia Abu Ubayda awaondoe watu kwenye ardhi ya bondeni yenye unyevu awapeleke ardhi ya juu yenye hewa safi. Abu Ubayda alikufa kwa tauni hiyo, na Muadh bin Jabal pia. Allah awaridhie wote.

Swali la siku nne za mwisho

Sahihi Bukhari inatuonyesha Umar siku chache kabla ya kifo chake, mwaka 23 Hijiria (644). Amesimama Madina mbele ya Hudhayfa na Uthman bin Hunayf, wale waliopima Sawad. Hawaulizi wamekusanya kiasi gani. Anawauliza kama wanaogopa kuwa wameitwisha ardhi mzigo isiouweza. Wanajibu kwamba wameiwekea kile inachoweza kukibeba. Hatosheki, anawataka watazame tena. Kisha anasema kwamba Allah akimweka salama, atawaacha wajane wa Iraq wasihitaji mtu yeyote baada yake. Ardhi isiyolemewa, na mjane asiyeomba, katika pumzi moja.

Siku ya nne Abu Lu'lu'a alimchoma kisu akiwa katika swala ya Alfajiri. Akiwa kitandani, maziwa aliyonyweshwa yakitoka kwenye jeraha, aliusia khalifa atakayemfuata awatendee wema Mabedui, achukue ziada tu ya mali zao na airudishe kwa maskini wao, na wasio Waislamu walio chini ya ahadi wasitwishwe zaidi ya uwezo wao. Mtu aliyeogopa kuulizwa kidonda cha ngamia alikufa akizungumzia mizigo ya wengine.

Nilichowaambia wazee

Nilirudi Rumonge mwisho wa muhula nikawaeleza wazee wangu mambo mawili. La kwanza: babu hakuacha wakfu, kwa hiyo shamba ni mirathi na kila mrithi ana fungu lake. Siwezi kumlazimisha mtu yeyote, lakini mwenye kupenda anaweza kulifanya fungu lake kuwa wakfu. La pili: Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na mashimo yale yanadhuru watoto wetu na watoto wa majirani. Kuyafukia ni wajibu wetu kabla ya kuzungumzia faida. Kisha nikawasimulia habari za Umar kama nilivyowasimulia ninyi.

Ami yangu mkubwa alinyamaza kwa muda. Aliniuliza kama Umar alikuwa na karo za watoto za kulipa. Sikucheka, maana swali lake ni la kweli. Nilimjibu kwamba tusihesabu fedha ya matofali peke yake, tuhesabu pia dawa za malaria, mbuzi waliokufa na mawese ya miaka yote ijayo. Mpaka ninapoandika haya hajakubali wakfu. Lakini mashimo mawili yamefukiwa, bibi amepanda miche ya michikichi juu ya moja, na upande uliobaki haujakodishwa. Bibi amesema fungu lake yeye, inshaallah, halitauzwa.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu nyuma yetu kuna shamba, ng'ombe au mbuzi waliouzwa ili tulipiwe ada. Kesho sisi ndio tutakaokaa barazani na kuamua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Wote watatu wametajwa pamoja. Tukifika barazani tuulize swali la Umar kabla ya kuuliza bei: je, tumeitwisha ardhi mzigo isiouweza? Tukijibiwa hapana, tutazame tena.

Ewe Mola wetu, mridhie Umar bin Al-Khattab, warehemu wazee wetu waliotuachia ardhi yenye uhai, na utujaalie tuwaachie yenye uhai watakaokuja baada yetu. Amin.

Wallahu a'lam.